Safari Moja, Wazazi Wanne



Likizo ya shule inapokaribia, katika nyumba nyingi za Wakristo huanza mazungumzo yale yale. Baba amepata siku chache za mapumziko. Gari lipo, liwe lao au la kuazima, au nauli ya matatu imewekwa akiba. Watoto wanataka kuiona bahari na kulala kwa bibi. Kila mtu anafurahi, mpaka linapoulizwa swali dogo: "Tutaanza kwa nani?" Hapo mama ananyamaza, baba anaangalia pembeni, na watoto wanatumwa wakacheze nje.

Wengi hudhani kwamba swali hili ni la mipango tu, kama vile kuchagua saa ya kuondoka. Mwezi huu ukurasa wetu unataka kuwaonyesha kwamba ni swali la dhamiri. Mume na mke wana deni gani kwa wazazi, ndugu na marafiki wanaokaa kando ya barabara wanayopita? Na pande mbili zikiwangojea kwa wakati mmoja, upande upi utangulie?

FERI ILIPOKUWA UDHURU

Tuchukue mfano wa familia inayokaa Kipevu, upande wa Changamwe. Kipevu ni mahali pa kazi. Pana bandari, pana gati la mafuta, pana mitambo ya umeme. Wengi wa wakazi wa pande hizo waliletwa na ajira, na kila mmoja ana kwao. Tuseme kwamba mume ni Mgiriama, na wazazi wake wako Kilifi, kiasi cha kilomita 60 kuelekea kaskazini. Tuseme kwamba mke ni Mkamba ambaye wazee wake walihamia Shimba Hills, Kwale, upande wa kusini, na sasa mama yake ni mjane anayeishi peke yake huko. Familia za namna hii ni nyingi, na huenda wewe msomaji ukaiona ya kwako humu.

Kwenda kaskazini kulirahisishwa zamani. Daraja la Nyali tunalolitumia leo lilifunguliwa mwaka 1980. Daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991, wasafiri waliacha kungoja kivuko pale Mnarani. Lakini kusini kulikuwa na shida yake. Mtu wa Kipevu alilazimika kuingia kisiwani, kupanga foleni ya feri Likoni, na kungoja juani pamoja na watoto na mizigo. Tena watu wa Mombasa hawajasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na watu 272 wakapoteza maisha. Kwa hiyo mume aliposema, "Feri inachosha na maji yanatisha, kwa mama yako tutakwenda mwakani," alionekana ana sababu ya haki. Na pengine alikuwa nayo kweli.

Kisha mwaka 2024 barabara ya Dongo Kundu ilikamilika pamoja na daraja lake refu la Mteza, lenye urefu unaokaribia kilomita moja na nusu. Feri za Likoni zingalipo, lakini gari sasa laweza kutoka upande wa Miritini na Kipevu likafika Kibundani, Kwale, bila kuikaribia feri. Foleni haipo tena njiani, wala maji ya kuogopa. Ndipo katika nyumba kadhaa ukweli ulipojitokeza. Barabara ilifunguliwa, lakini safari ya kwa mama mkwe haikufunguliwa. Mwakani imekuja ikapita, na mjane wa Shimba Hills angali anakaa barazani akisikiliza magari yanayopita.

Udhuru ni kama pazia. Likiondolewa, kilichokuwa nyuma yake huonekana. Kabla ya kulaumu umbali, nauli au foleni, jiulizeni: kama vizuizi hivi vyote vingeondoka kesho asubuhi, je, tungekwenda?

DENI LA NYUMBA NZIMA

Baadhi ya waume hujitetea kwa Maandiko. Husema kwamba kitabu cha Mwanzo kinafundisha kuwa mtu atawaacha wazazi wake na kuambatana na mwenzi wake. Ni kweli. Lakini kuwaacha wazazi maana yake ni kuanzisha nyumba mpya yenye mashauri yake yenyewe. Kuwatupa ni jambo jingine kabisa. Bwana wetu Yesu, katika Injili ya Marko sura ya 7, aliwakemea vikali watu waliowanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio kwamba mali yao imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu. Kama hata sadaka ya hekaluni haimwondolei mtu amri ya nne, je, uchovu wa safari utamwondolea?

Tena angalieni neno linalofuata katika Mwanzo: hao wawili huwa mwili mmoja. Tumelisikia mara nyingi kwenye arusi, na mara nyingi tumelielewa nusu. Kama ninyi ni mwili mmoja, basi deni la mmoja ni deni la wote wawili. Mume anayempeleka mkewe kwa mama yake hamfanyii mkewe hisani ya kushukuriwa mwaka mzima. Analipa deni la nyumba yake mwenyewe. Na mke anayewapikia wakwe zake Kilifi kwa moyo mweupe hawafanyii kazi watu wa kando. Anawatumikia wazee wake. Siku mliyofunga ndoa, kila mmoja wenu alipata baba na mama wa pili. Wazazi ni wanne, hata kama baadhi yao wamekwisha kutangulia mbele ya haki na kilichobaki ni kaburi la kuzuru na kuombea.

Hapa mila huingilia kati. Wapo wanaosema kwamba mwanamke akishatolewa mahari ni wa upande wa mume, na kwamba mwanamume anayeonekana mara kwa mara kwa wakwe zake amejidhalilisha. Tuwaheshimu wazee wetu na mila zao, lakini tufikiri. Mahari ni ahadi kati ya jamaa mbili, kwamba tangu leo zitajuana. Haikuwa bei ya mtoto. Mzazi aliyepokea mahari hakukubali kusahauliwa.

Mababa Watakatifu nao wamelisema hili kwa nyakati zao. Mwaka 1981, katika waraka wake juu ya familia, Papa Yohane Paulo II alihimiza wazee wasisukumwe pembeni, kwa kuwa wana nafasi na utume wao katika familia. Mwaka 2016 Papa Fransisko, katika waraka wake juu ya furaha ya upendo, aliwakumbusha wanandoa wasiwatazame wakwe zao kama washindani au wavamizi.

SAFARI YA TOBIA

Katika Biblia yetu Katoliki kuna kitabu kizima kinachohusu safari, ndoa na wakwe. Ni kitabu cha Tobiti, na ingefaa mkisome pamoja kabla ya kufunga mizigo. Tobiti, mzee kipofu wa Ninawi, alimtuma mwanawe Tobia nchi ya mbali akachukue fedha za akiba. Malaika Rafaeli akafuatana naye bila kujulikana, hata mbwa wao akaenda nao. Njiani Tobia alimwoa Sara, binti Ragueli. Baba mkwe akafurahi mno, akaapa kwamba kijana hataondoka mpaka ziishe siku 14 za karamu.

Fikirini shida ya Tobia. Huku baba mkwe anamshika mkono asiondoke. Kule Ninawi baba yake anahesabu siku, na mama yake anatoka kila siku kwenda kuitazama njia. Tobia alifanyaje? Alikaa siku zile 14 kwa furaha, wala hakuwanunia wenyeji wake. Na kazi ya baba yake haikulala, maana alimtuma mwenzake akazilete zile fedha wakati karamu inaendelea. Siku zilipotimia alisema wazi kwamba wazazi wake wanamngoja. Ragueli alimsihi akae zaidi, akasema angetuma wajumbe kwa Tobiti. Tobia akakataa kwa adabu. Alijua kwamba mzazi anayeitazama njia hatulizwi na wajumbe.

Ragueli naye alitenda kama mzazi mwenye busara. Aliwaruhusu, akawabariki, akamwagiza Sara awaheshimu wakwe zake kama wazazi wake mwenyewe. Edna, mama mkwe, akamwita Tobia mwana. Na kitabu kinapokwisha, Tobia amewazika wazazi wake kwa heshima, kisha amehamia kwa wakwe zake, akawatunza uzeeni mwao, na hao pia akawazika. Wazazi wanne, mwana mmoja. Wanaume wanaoona haya kuonekana kwa wakwe zao wamtazame huyu.

HAKI HAIPIMWI KWA KUHESABU SIKU

Sasa turudi kwenye lile swali: tutaanza kwa nani? Wapo wanandoa wanaogawa siku kwa rula. Siku mbili kwenu, siku mbili kwetu, na shilingi za zawadi zihesabiwe zilingane. Ni afadhali hivyo kuliko upande mmoja kusahauliwa kabisa. Lakini haki ya nyumbani haifanani na haki ya sokoni. Mama hagawi chakula sawasawa kwa mtoto mzima na mtoto mgonjwa, wala hatusemi kwamba amependelea.

Basi kipimo cha kwanza kiwe uhitaji. Wazazi wa Kilifi wamezungukwa na wana wengine na wajukuu. Usiku mmoja akiumwa, yuko wa kuita bodaboda. Mjane wa Shimba Hills hana mtu. Paa lake limevuja tangu masika na hakuna aliyelitazama. Mwaka huu safari ianzie kusini, na siku nyingi ziwe za huko. Mwaka mwingine mambo yakigeuka, baba wa Kilifi akiugua, magurudumu yaelekee kaskazini, na mke asiseme kwamba safari hii ilikuwa zamu ya mama yake.

Kipimo cha pili kiwe muda. Ni nani hajatuona siku nyingi? Ni nani hajawahi kumpakata mjukuu aliyezaliwa? Mtoto hukua haraka, na mzee huondoka bila kutangaza siku.

Mkishaamua, amueni pamoja kabla ya kutoka nyumbani, na kila mmoja aseme na wazazi wake mwenyewe. Jambo hili ni dogo, lakini limevunja amani ya nyumba nyingi. Mume anapowaambia wazazi wake, "Mwaka huu mke wangu ametaka twende kwao," amemfanya mkewe ngao, na mshale utamfika huyo mke kila atakapoingia katika uwanja ule. Aseme badala yake: "Baba, mama mkwe yuko peke yake, tumeona tuanze kwake. Kwenu tutafika Alhamisi." Baba huyo huenda akanung'unika kidogo, lakini atajua kwamba alimlea mwanamume.

FEDHA ZA SIMU

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, imekuwa rahisi kumtumia mzazi fedha hata ukiwa umesimama kazini. Tumshukuru Mungu kwa hilo. Dawa zimenunuliwa na karo zimelipwa. Lakini urahisi huu una mtego wake. Fedha zaweza kuwa heshima, na zaweza pia kuwa fidia ya kutofika. Wewe mwenyewe unajua zako ni zipi. Ukituma elfu moja huku moyo ukisema, "Sasa hataniuliza nitakuja lini," umenunua kimya cha mzazi wako.

Zipo shida ambazo fedha haziwezi kuziona. Simu haioni kwamba mama amekonda. Haioni kwamba sufuria iliyo jikoni ni moja tu, wala kwamba jirani ameanza kulima ndani ya mpaka wa shamba lake. Haya huonwa na macho ya mtoto aliyeketi jikoni akimenya mihogo pamoja na mama yake.

MGENI ASIYE MZIGO

Upande wa pili nao una haki zake. Watu sita wakiteremka garini saa saba mchana bila taarifa, mjane aliyekuwa na kuku mmoja wa mayai atamchinja, kisha atakwenda dukani kukopa sukari. Watacheka, watakula, watapiga picha, na jioni wataondoka wakisema, "Mama anatupenda sana." Deni la duka atabaki nalo yeye. Ziara ya namna hiyo haikumheshimu mzazi.

Bikira Maria alipokwenda milimani kumtembelea Elizabeti, alikaa kiasi cha miezi mitatu. Alikwenda kwa jamaa yake mzee aliyekuwa mjamzito, na tunaweza kuamini kwamba mikono yake haikukaa bure. Wahenga wetu wanasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi msingoje siku ya tatu. Toeni taarifa mapema. Chukueni unga, mchele, sukari na majani ya chai kwa wingi kuliko mtakavyotumia. Mume apande juu aangalie lile paa. Mke akae na mama amsikilize, hata kama hadithi ni ile ya mwaka jana. Jumapili ikiwakuta huko, nendeni Misa pamoja na wenyeji wenu, msiifanye safari kuwa likizo ya kumwepuka Mungu.

Na kwa kuwa tuko Pwani, tukumbuke kwamba wengi wetu tuna shangazi, wajomba au mashemeji Waislamu. Hao nao ni damu yetu. Bisheni hodi kwao kwa heshima, kuleni walichowaandalia, na mkifika katika mwezi wa Ramadhani msiwalazimishe watu waliofunga kuwapikia mchana. Imani yenu haipunguzwi na adabu.

MARAFIKI, NA HAKI YENU YA KUPUMZIKA

Je, ni lazima kubisha katika kila mlango kutoka Lunga Lunga hadi Malindi? Hapana. Madeni hayafanani. Wazazi wana deni la amri ya Mungu. Ndugu wana deni la damu. Wasimamizi wa ndoa yenu na wazazi wa ubatizo wa watoto wana deni la shukrani, na ni aibu kwamba tunawapita miaka mingi bila hata salamu. Marafiki wengine tunawatembelea kwa hiari ya upendo, nguvu na nafasi zikiruhusu. Mkiwaendea, muwaendee nyote wawili. Rafiki ambaye mume anamtembelea huku mke ameachwa garini, au ambaye mke hapendi mumewe amjue, afikiriwe upya.

Ndoa yenu nayo ina haki. Mnaweza kutenga siku moja Watamu au Diani, ninyi na watoto wenu peke yenu, mkatembea mchangani na kuzungumza. Hilo si kosa, na ndoa isiyopumzika huchoka. Kosa ni uongo. Mama anapiga simu, mnamwambia mko kazini, nanyi mmekaa ufuoni mwendo mfupi kutoka kwake. Watoto wanasikia. Wamejifunza siku hiyo jinsi ya kuwafanyia ninyi mtakapozeeka. Mwambieni mama ukweli: "Leo tunapumzika, kesho asubuhi tutakuwa kwako." Mzazi mwema atafurahi kwamba ninyi wawili mnapendana.

MANENO YA NJIANI KURUDI

Twaja sasa kwenye sehemu ya ziara ambayo ni hatari kuliko zote. Ni ile saa ya kurudi. Mmeagana, mmepungiana mikono, gari limeingia barabarani, ndipo mmoja anaanza: "Umemsikia dada yako alivyosema?" Mwingine anajibu: "Na mama yako je, chumvi ile?" Wanapofika Kipevu, ziara iliyokuwa njema imekwisha kuzikwa. Nyuma wameketi watoto, macho yamefumbwa lakini masikio yako wazi. Kesho yake mtoto anajua bibi yupi anadharauliwa na nani.

Si kwamba msizungumze. Yakiwapo maneno yaliyoumiza, yasemeni, lakini usiku, watoto wakiwa wamelala, na kila mmoja awe wa kwanza kukiri makosa ya upande wake mwenyewe. Mume aseme, "Dada yangu alikosea, nitazungumza naye." Akisema hivyo, mkewe ataona amelindwa, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayemtetea wifi yake. Njiani kurudi semeni yale mema mliyoyaona, na muulize kila mtoto ni jambo gani lililomfurahisha kwa bibi.

Jioni ya leo, kabla ya sala ya familia, kaeni wawili mjiulize maswali haya:

1. Kati ya wazazi wetu wanne, ni nani hajatuona siku nyingi kuliko wote? Sababu yetu ni ya kweli, au ni pazia?

2. Mara ya mwisho tulipotembelea, tuliacha nini: msaada, au deni dukani?

3. Je, yupo mzazi ambaye tumemnyamazisha kwa fedha?

4. Watoto wetu wamesikia nini kutoka vinywani mwetu juu ya bibi na babu zao?

Kisha chukueni kalenda, wekeni tarehe, na mpigieni simu yule anayengoja zaidi. Mwambieni siku na saa mtakayofika. Halafu mfike.

Malaika Rafaeli, aliyemwongoza Tobia kwenda na kurudi, awalinde barabarani. Mungu aibariki nyumba yenu, na nyumba zote mbili mlizotoka.